Jioni Salimu Alipouona Mwezi

Msambweni, mwezi ishirini na tisa Ramadhani, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Barua hii nitaitia ndani ya ile leso ya bibi yako, chini kabisa ya sanduku. Mama yako amelifunga na kulifungua sanduku hilo mara nne tangu asubuhi, na sasa amechoka, kwa hivyo naamini hataifikia. Utaikuta wewe mwenyewe huko Ulaya, siku utakayotaka kujifunika leso kwa sababu lile sweta halikutosha.

Mambo ya sweta sitayagusa. Mama yako amekwisha kukwambia ule nini na usile nini, umwandikie nani kwanza, ukae mbali na nani. Mimi nilikuwa kibarazani nikisikia, na sikuona alilolisahau. Wewe sasa umekwenda kwa shangazi yako kuaga, nami nimechukua lile daftari lako la zamani nikakaa nyuma ya nyumba, karibu na mawe niliyoyachonga wiki iliyopita. Nikiulizwa nafanya nini, nitasema napiga hesabu ya mawe.

Nina neno moja tu, ila ni refu. Limenikaa kifuani tangu kabla hujazaliwa. Ningependa kulisema kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema jambo zito, naishia kuuliza kama mbuzi wamefungwa.

Nianze kwa kofi.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa siku kama ya leo, mwezi ishirini na tisa, na watoto wote wa mtaa walikuwa wameteremka pwani kuutazama mwezi wa Idd. Ukaja mbio, miguu imejaa mchanga, ukanishika mkono. "Baba, mwezi huo. Twende ukauone." Ukanivuta mpaka nje, ukanyosha kidole magharibi, pale baina ya minazi ya Mzee Omari. "Pale, baba. Unauona?"

Nikakupiga kofi.

Hukulia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hukulia. Ulinitazama, ukaingia jikoni ukasimama nyuma ya mama yako. Toka mwaka ule hukuniambia tena habari ya mwezi. Kila mwaka ukiuona, unakwenda kumnong'oneza mama yako, na mama yako anakuja kuniambia kama kwamba ni yeye aliyeuona. Nami nimekuwa nikiusikia mnong'ono huo kutoka chumbani, mwaka baada ya mwaka, na sikupata hata siku moja kutoka nje na kusema, mwanangu, nilikukosea. Leo nasema. Nilikukosea. Hukuwa na kosa lolote siku ile.

Sasa nikueleze lile kofi lilitoka wapi, kwa sababu halikuwa lako.

Unajua kwamba nilikwenda vitani. Unajua pia kwamba sisemi habari za vita, na kwamba ndege ikipita juu naingia ndani kutafuta kofia ambayo iko kichwani. Mmenicheka sana kwa kofia hiyo, wewe na mama yako. Mcheke tu, inachekesha kweli.

Sikupigana. Sisi tulikuwa wapagazi wa jeshi. Tulivaa nguo za askari, tukapewa makoti makubwa, na kazi yetu ilikuwa kushusha mizigo melini. Walitupeleka mbali, kaskazini kabisa ya Afrika, kwenye mji mdogo wa bandari ambako jangwa linateremka mpaka baharini. Nyuma yake hakuna mti, hakuna kijiji, ni mchanga na mawe tu, siku nyingi za mwendo wa lori. Mji ule una jina lake, lakini sisi watu wa pwani hii tuliuita Mwisho wa Lori. Kila kilicholiwa na kunywewa pale kilikuja kwa meli, na kwa hivyo adui akazipiga meli. Ndege zilikuja asubuhi, zikaja adhuhuri, zikaja jua likizama. King'ora kikilia tunaacha mizigo tunakimbilia mahandakini. Tukitoka, meli tuliyokuwa tukiishusha inawaka, au imelala ubavu, au haipo. Nyumba za mji zilikuwa hazina mapaa. Niliona kitanda cha mtu kimesimama ghorofani, ukuta wa mbele umekwenda, na shuka ipo vile vile imetandikwa.

Niliogopa. Nataka ulijue hilo, maana umelelewa ukidhani baba yako ni mtu asiyeogopa kitu. Siku ya kwanza mabomu yalipoanguka nilijikojolea, na koti lile kubwa likanisitiri. Aliyejua ni mmoja tu, kwa sababu tulikuwa tumebanana bega kwa bega. Hakunicheka. Alinipa chupa yake ya maji, nikajimwagia, akasema kwa sauti wote wasikie, "Tazama, nimemmwagia mwenzangu maji kwa kutetemeka." Huyo ndiye Salimu.

Salimu ni mtoto wa Bi Mwanatumu wa Bodo. Ndiye yule unayemwita Bibi wa Bodo, ambaye kila Idd tunampelekea leso na halua, na ambaye umekuwa ukiniuliza ana udugu gani nasi nami nasema wa mbali. Hana udugu nasi hata chembe. Ni mama wa rafiki yangu.

Salimu alikuwa na macho, mwanangu. Kwao Bodo wavuvi walimchukua kusimama mbele ya mashua kwa sababu aliona samaki walipo kabla ya ndege wa baharini kuwaona. Mimi ni kinyume chake. Macho yangu yanaona jiwe lililo mkononi, yanaona ufa mwembamba kama unywele, lakini hayaoni mnazi wa pili kutoka hapa nilipokaa. Hili pia hulijui, halijui mtu. Hata mama yako anadhani siwaamkii watu njiani kwa majivuno.

Nimelificha tangu utoto, na sababu yake ni babu yako. Baba yangu ndiye aliyekuwa akitegemewa na mtaa mzima kwa kuuona mwezi. Akisema umeandama, Maalim haulizi tena. Kila mwaka alinipandisha begani pale kwenye jabali la pwani, akanionyesha. "Pale, mwanangu. Unauona?" Nami nilikuwa sioni kitu, naona wekundu tu. Mara ya kwanza nilisema siuoni, akasikitika, nikaliona sikitiko lake kwa sababu uso wake ulikuwa karibu. Mwaka wa pili nikasema, "Nauona, baba." Akafurahi mno, akanibeba mpaka msikitini akiwaambia watu kwamba mwanawe amerithi macho yake. Basi nikawa mtu wa kusema nauona. Nilisema hivyo miaka yote mpaka nikawa kijana mwenye ndevu, na sikupata kuuona mwezi mchanga hata mara moja. Jeshini nilipita kwa sababu Mzungu aliyetupima alitazama meno na miguu.

Ramadhani ikatukuta Mwisho wa Lori. Wakubwa walituambia tule, kazi ni nzito. Wengine walikula na sikuwalaumu. Sisi kumi na moja wa pwani tulifunga. Nyapara wetu, Mzee Mbwana wa Vanga, alitugawia maji kwa kikombe kimoja kimoja cha futari, na tulikaa ndani ya handaki tukikitazama kikombe kile mpaka wakati ufike. Mzee Mbwana alikuwa na amri moja aliyoirudia kila siku: jua likianza kuzama, mtu asitoke handakini. Ndege za jioni zilikuja na jua nyuma yao, na ukitazama magharibi hukuona kitu mpaka zimekufika.

Ukafika mwezi ishirini na tisa. Kila mtu alikuwa na hamu ya Idd, na Mzee Mbwana akasema, "Hapa hatutazami mwezi. Tutatimiza thelathini, yatosha." Alisema sawa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa baba yangu. Niliwaza jinsi watakavyofurahi wale kumi nikiingia handakini na kusema umeandama. Nikawaza habari ifike nyumbani, kwamba hata huko vitani ni mwana wa fulani aliyeuona. Na kwa vile nilijua siwezi kuuona peke yangu, nikamchukua Salimu.

"Dakika moja tu," nikamwambia. "Pale juu ya ukuta wa ghala. Utazame, turudi."

"Mzee Mbwana atatuchuna ngozi."

"Ukimletea Idd hatakuchuna."

Akacheka, akanifuata. Hakuwa mtu wa kumwacha mwenziwe aende peke yake, na mimi nilijua hivyo nilipomwambia.

Tukapanda. Jua lilikuwa limezama sasa hivi, na upepo umetulia. Salimu alitazama kidogo tu, akacheka. Mimi nikawa nageuza kichwa huku na huku nikijifanya natafuta. Akanishika kidevu kama mtu anavyomshika mtoto, akanigeuza uso. "Pale, juu ya ule mlingoti wa meli iliyozama, kisha kushoto kidogo. Unauona?"

Nikasema, "Nauona."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi tumekuwa wawili."

Unajua kwamba mwezi wa Idd unataka mashahidi wawili. Ndiyo maana alifurahi hivyo. Aliamini tumeutimiza ushahidi.

Tukasikia mlio wa ndege. Hazikutanguliwa na king'ora siku ile. Mimi niliruka nikakimbia, na sikutazama nyuma. Sitakwambia nilidhani yuko nami, kwa sababu sikudhani kitu. Nilikimbia. Nilikuwa nimekwisha ingia shimo la karibu pale bomu lilipoanguka, na ukuta wa ghala ukamwagika wote.

Nilimkuta upande wa pili, amelala chali, na kiatu kimoja kimejaa mchanga. Uso wake haukuwa na jeraha. Nilikaa naye mpaka Mzee Mbwana na wenzetu walipokuja na taa iliyofunikwa kitambaa.

Mzee Mbwana akaniuliza, "Mlitoka kufanya nini?"

Nikasema, "Tulikwenda kutafuta maji ya kuongeza futari. Ni wazo lake."

"Hamkuutazama mwezi?"

"Hatukuutazama."

Hapo ndipo lilipo neno langu lote, Mwanaidi. Majibu mawili yale. Miaka yote nilisema nauona wakati siuoni, na siku moja ile ambayo mwezi ulionekana kweli, umeonekana na mtu ambaye macho yake hayakupata kukosea, nikasema hatukuutazama. Niliogopa ghadhabu ya Mzee Mbwana. Niliogopa wajue ni mimi niliyemtoa. Nikalitupa neno la mwisho la Salimu kama kwamba halikusemwa.

Tulimwosha usiku ule ule. Maji hayakuwapo. Mzee Mbwana alitoa kikombe chake ambacho alikuwa hajakinywa, akakimimina kwenye debe. Kisha yule aliyekuwa karibu naye. Wakapita wote kumi na vikombe vyao, na wengine walikuwa wamekunywa nusu wakatoa ile nusu. Mimi nilitoa changu kizima, na watu wakaniombea kheri kwa kudhani nina moyo.

Kesho yake tukafunga. Jioni yake mwezi ukatoka mkubwa, umesimama juu, hata mimi niliuona. Wote waliutazama, na kila mtu akajua kuwa ule si mwezi wa siku moja. Tulikuwa tumefunga siku ya Idd, siku ambayo kufunga ni haramu. Mzee Mbwana aliutazama, kisha akanitazama mimi muda mrefu. Akasema, "Mungu anajua," akaenda kutawadha. Hakuniuliza kitu toka siku hiyo mpaka tulipoagana kwenye gati ya Kilindini, na natamani angeniuliza.

Niliporudi nilikwenda Bodo kabla sijafika hapa kwetu. Nilimwambia Bi Mwanatumu kwamba mwanawe alikufa akienda kuwatafutia wenzake maji ya kufuturu. Alilia, akanishukuru, akanilisha. Nikaona uongo ule ni mzuri, unampa mama fahari. Nikaendelea nao miaka yote. Yeye akawa anamsomea hitima kila mwaka, siku ya thelathini ya mfungo.

Wewe ukazaliwa Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Hapana Idd hapo hata ya kusingizia. Watu wote waliniuliza kwa nini nakuita Mwanaidi, na bibi yako alikwisha kukuchagulia jina lake. Nikashikilia. Nikasema nimelipenda. Ukweli ni kwamba kulikuwa na Idd niliyoizuia isiingie, nikataka angalau iingie nyumbani kwangu, niwe naiita kila siku na iniitikie. Basi jina lako umepewa na Salimu, ingawa hakujua.

Na ulipokuja mbio siku ile, ukaniambia "Unauona?" na kidole umekinyosha, nilisikia sauti yake. Mkono ukaenda peke yake. Hiyo si sababu ya kumpiga mtoto. Nakueleza tu lilikotoka.

Sasa nikwambie ya Jumanne, ambayo umeyaona nusu.

Tulipokwenda Bodo ukamuage Bibi, nilikutuma kisimani na watoto wa jirani. Maji yalikuwapo mtungini, nadhani uliona. Nilitaka tubaki wawili.

"Mama," nikamwambia, "nina neno la Salimu."

"La Salimu silo ulilonambia?"

"Silo lote."

Akaweka tasbihi chini. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, na koti na kidevu na vikombe. Sikuacha kitu. Nilipomaliza akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kwa hivyo aliuona mwezi?"

"Aliuona."

"Akafurahi?"

"Alifurahi sana, mama. Alicheka."

"Tangu mdogo alikuwa akiuona kabla ya watu," akasema. "Mimi nikimwambia nyamaza, watu watakuita mwongo." Kisha akasema, "Kumbe alikufa Idd imeshaingia, nami namsomea kwenye mfungo."

Nikamwambia, "Nisamehe."

"Nikusamehe lipi, baba? Kumpandisha ukutani? Ungalimkataza angalipanda, namjua. Kukimbia? Nani asiyekimbia. Lakini kunificha kwamba mwanangu alikufa akicheka, hilo umeniumiza. Miaka yote hii namwona ana kiu. Nikinywa maji, namwona ana kiu."

Nilikuwa nimempa picha ya mwanawe anatafuta maji hapati, na nikaiita fahari.

Akanishika masikio yote mawili kama anavyoshikwa mtoto mtundu, akalia, nami nikalia. Akasema, "Nimekusamehe, na nimeumia. Vyote viwili uvichukue uende navyo. Na huyu mtoto, anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla hajapanda hiyo ndege."

Ndipo ulipoingia na ndoo, ukaniuliza nina nini, nikasema moshi. Jikoni hakukuwa na moto, tumefunga sote. Ulinyamaza kwa adabu, na nakushukuru, lakini nilijua kuwa umejua.

Sasa, unakwenda kusomea uuguzi kwa watu wenye maneno mengi na haraka nyingi. Watakuonyesha kitu mara moja, watakuuliza umeona, umeelewa? Wenzako wote watasema ndiyo. Mwanangu, kama hujaona sema hujaona. Aibu yake ni ya dakika moja, nimeikimbia maisha yangu yote kwa hivyo naujua ukubwa wake, ni ndogo sana. Na ukiona, sema umeona, hata kama anayekuuliza amekasirika, hata kama kusema kutakuponza. Mgonjwa hatajua kwa nini ulinyamaza. Atapata tu matokeo yake.

Na ukimkosea mtu usimtengenezee uongo mzuri wa kumfariji. Mimi nilidhani namhurumia Bi Mwanatumu, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe. Mpe habari yake kama ilivyo, kisha ukae naye.

Mengine utayajua mwenyewe. Utakosea pia, na ya kwako yatakuwa tofauti na yangu. Ukikosea niandikie. Sitakuwa na haki ya kukutisha, unayo barua hii mkononi.

Nimesikia mlango, umerudi. Mama yako anakuuliza kama shangazi yako amekupa kitu cha njiani, na anasema tena lile alilolisema tangu jana, kwamba laiti mwezi ungeandama jioni hii ukala mlo wa Idd nyumbani kabla ya kuondoka. Mchele wa vitumbua ameuloweka kwa kubahatisha. Jua limeteremka. Naiweka kalamu hapa kwa muda. Nataka nikuite twende jabalini, kabla sijapata sababu ya kutokwenda.

*

Nimerudi. Nyinyi wawili mko jikoni, nami sina la kukueleza kwa kuwa ulikuwapo, lakini nataka liandikwe.

Nilipokuita, uliitika "Labeka, baba," ukasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa na mgeni. Nikasema, "Twende tukautazame mwezi." Mama yako aliacha mwiko ndani ya sufuria. Tulitembea mpaka jabalini. Watu walikuwa wamejaa pale, wakatupisha, na nikasikia mmoja akinong'ona kwamba leo kumekucha.

Ulitazama kidogo tu. Nikaona mkono wako ukinyanyuka, kisha ukaurudisha. Nikasema, "Nyosha, mwanangu."

Ukanyosha. Hukuniuliza. Ilinibidi nikuombe uniulize.

"Unauona, baba?"

"Siuoni," nikasema. "Nionyeshe tena." Ukanionyesha tena, ukanishika kidevu ukanigeuza, na hakuna mtu aliyekufundisha hivyo. Nikatazama mpaka machozi yakatoka. Naona wekundu tu, na minazi imekuwa ukungu. "Siuoni, mwanangu. Macho yangu hayajapata kuuona tangu nizaliwe. Lakini wewe umeuona?"

"Nimeuona, baba. Upo pale, mwembamba."

Tulipofika msikitini Maalim aliuliza nani ameuona. Vijana wawili wa Gazi walikuwa wamekwisha kusema, na ushahidi umetimia, kwa hivyo hapakuwa na haja ya mtu mwingine. Nikanyosha mkono vile vile. Nikasema mbele ya watu wote, "Mimi sikuuona, sioni mbali. Ameuona mwanangu Mwanaidi, na namwamini." Maalim akanitazama kwa mshangao kidogo, maana alimjua baba yangu. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, ni Idd," na watoto wakaanza takbiri barabarani.

Nimemtuma mtu Bodo amwambie Bi Mwanatumu kwamba mwezi umeandama. Hitima ya Salimu mwaka huu itasomwa siku ya Idd.

Kesho utakula vitumbua, tutavuka feri, nami nitakwenda nawe mpaka uwanja wa ndege. Mama yako anadhani nitabaki kwenye gari kwa sababu ya mlio. Sitabaki. Nitasimama hapo penye uzio, na kofia yangu kichwani. Ndege ikinyanyuka itanipotea upesi, pengine kabla haijafika juu ya maji. Basi nitamuuliza mama yako, "Bado unaiona?" Na maadamu anasema anaiona, nami nitakuwa bado nimesimama natazama.

Baba yako